Mtoto Tumboni Hanywi Damu ya Mama

Swali ni lile lile, mama atoke Kiganjo au Kiandutu hapa Thika: "Daktari, mtoto amenimaliza damu, ninywe bitiruti glasi ngapi?" Naomba tulimalize leo. Mtoto hakunyonyi damu. Yake huitengeneza mwenyewe, wiki za mwanzo kwenye kifuko cha kiini, kisha kwenye ini, mwishowe kwenye uboho wa mifupa. Ndiyo maana mama wa kundi O anaweza kuzaa mtoto wa kundi A.

Mnakutana kwenye kondo la nyuma. Damu yako huzunguka nje ya vijitawi vyake, ya mtoto hupita ndani, katikati pana ukuta mwembamba. Oksijeni, sukari na madini ya chuma huvuka. Damu haivuki, isipokuwa seli chache, hasa wakati wa kujifungua. Vena moja ya kitovu humpelekea mtoto oksijeni, ateri mbili hurudisha damu iliyotumika. Mapafu yake yamejaa majimaji, hivyo sehemu kubwa ya damu huyakwepa: nyingine hupenya tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo kwenda kulisha ubongo, nyingine hupita mfereji mfupi hadi kwenye aota. Akishaanza kupumua, damu inayorudi kutoka mapafuni husukuma tundu likajifunga, na mfereji hujibana ndani ya siku chache.

Kinachokupunguzia nguvu ni chuma. Mimba moja hudai karibu gramu 1, na maji ya damu yako nayo yameongezeka. Bitiruti haizibi pengo hilo. Wekundu wake ni rangi ya mmea tu. Gramu 100 hazina hata miligramu 1 ya chuma, ilhali kidonge cha kliniki kina 60. Odowa, ule udongo wa kutafuna, ni mbaya zaidi! Udongo huo hushika chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kubeba madini ya risasi na mayai ya minyoo. Anayeutafuna ili aongeze damu anaipunguza, na inaniuma kuona odowa ikinunuliwa sokoni huku vidonge vya kliniki vikilala kabatini.

Fika kliniki kabla ya wiki ya 12. Pima wingi wa damu, kundi na Rhesus. Meza kidonge kila siku, pamoja na chungwa, mbali na chai. Kula maharagwe, mboga, nyama ukiipata. Ukiwa Rhesus hasi na mtoto chanya, dai sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Ukizimia, ukihema bila kazi au ukitokwa damu, nenda hospitali ya Thika Level 5 saa hiyo hiyo.