Bao Moja, Majina Chungu Nzima

Swali hili ni la zamani barazani: mbona mchezo mmoja huitwa hivi hapa na vile kule? Wengi wakiulizwa hukimbilia mpira. Mwingereza asema futiboli, Mmarekani asema soka, na kila mmoja amwona mwenziwe amepotoka. Jibu la mpira ni fupi. Chama cha mpira cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863, na mchezo wake ukaitwa futiboli ya chama, yaani ya "asosiesheni", ili upambanuke na raga. Wanafunzi wa huko wakalikatakata neno hilo refu, wakapata "soka". Marekani tayari walikuwa na futiboli yao nyingine, ya kushika mikononi. Basi huu wa miguu ukabaki na jina la soka. Sisi Waswahili tumeyachukua yote, tukaongeza kandanda na kabumbu.

Mimi lakini jibu lenye utamu zaidi sikulipata uwanjani. Nililipata Tabaka.

Tabaka iko bara ya Kisii, upande wa Mugirango Kusini, na hapo ndipo lichimbwapo lile jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni. Wanaume hulichonga kwa panga na visu, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae kama kombe la pwani. Kwa jiwe hilo hutengenezwa mabakuli, vinyago, sataranji, na mabao. (Msomaji asishangae kusikia habari za majina mengi huko. Mji wa Kisii wenyewe wenyeji huuita Getembe, wengine Bosongo. Na Nyamira ya jirani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii mpaka mwaka 1989.)

Katika kibanda kimoja nikaona mabao mawili ya jiwe yamewekwa sambamba. La kwanza lilikuwa na safu mbili, vishimo sita kila safu, na shimo kubwa kila ncha. La pili lilikuwa na safu nne za vishimo vinanevinane. Nikamwuliza mwuzaji, mtu wa makamo, "Mzee, haya yaitwaje?" Akajibu kwamba yote mawili ni bao, ila wageni wa Ulaya wakija huita mankala.

Hapo ndipo penye jambo. Mtu wa Lamu au wa Unguja, kwake bao ni lile la pili tu: vishimo 32, kete 64, na kila mchezaji ana nyumba yake. Sisi tumeuita mchezo kwa jina la kitu, yaani ubao wenyewe. Waarabu waliutazama mkono uchezao: "mankala" latokana na neno lao la kuhamisha, kwa kuwa kete huhama kutoka shimo hata shimo. Macho mawili, majina mawili.

Tena jina hueleza mtu alijifunza kwa nani. Malawi wanacheza bao la safu nne kama letu, nao huliita bawo. Asiyesikia pwani ndani ya neno hilo ana uziwi. Sataranji kadhalika. Sisi tuliipata kwa Waajemi na Waarabu, tukaliweka jina karibu kama lilivyokuja. Mwingereza aliipata kwa kupitia Wafaransa, na jina alilobaki nalo asili yake ni "shaha", yule mfalme wa mchezo, lakini limesuguliwa njiani hata hatambulikani.

Lakini wapo wasioazima jina kwa mtu, na huwa wana sababu. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro. Yote yana safu nne za vishimo vinane na kete 64, na mgeni akitupa jicho husema ni bao hilohilo. Akae acheze! Katika omweso kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa nyumbani, na 22 huzishika mkononi azinamue mojamoja; namu ikiisha ndipo mtaji huanza. Hawalis ya Oman nayo ina safu nne, ila za vishimo saba. Na magharibi ya Kisii, kwa Wajaluo, kuna ajua, ya safu mbili za vishimo vinane. Hayo si majina tofauti ya kitu kimoja. Ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na tabia yake.

Kwa hiyo lile bao la kwanza la Tabaka, la vishimo sita na ghala mbili nchani, lilinikera. Huo ni mchezo uitwao kalah, uliotungwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940, na madukani kwao mara nyingi huuzwa kwa jina la mankala. Sasa umerudi Afrika, umechongwa kwa jiwe la Kisii, ukapewa jina letu. Simlaumu mchongaji, yeye huchonga kinunuliwacho, naye ana watoto wa kulisha. Lakini mtoto wa Mombasa akipewa zawadi hiyo, akaambiwa ndilo bao, atakua akidhani wazee wa barazani waliumiza vichwa kwa mchezo uishao kabla chai haijapoa. Bao analolipenda pwani nzima, na alilolipenda hata Mwalimu Nyerere wa Butiama, halitakuwa na jina la kuitiwa, maana jina limekwisha kuchukuliwa.

Nilinunua lile la safu nne. Kasoro yake ilikuwa moja: vishimo vyote vilikuwa duara, na nyumba, kama wajuavyo wachezaji, hutakiwa iwe mraba. Nikamchorea mzee mahali pake kwa mkaa, shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, kwa kila upande. Akavaa miwani, akachukua kisu, akazikata pembe nne. Kete hakuwa nazo. Nilikuja kutia komwe nilipofika nyumbani.