Kasisi Taylor, Mwalimu Sikujua na deni letu

Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza swali lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki: "Prof, kumbe mashairi ya Muyaka yaliokolewa na Mzungu?" Nilitaka kujibu ndiyo. Nikasita.

Hebu turudi Mombasa ya miaka ya 1880, kabla Uingereza haijatangaza himaya yake mwaka wa 1895. Kasisi wa Kianglikana wa enzi hizo hakuwa mtu wa madhabahuni tu. Kabla ya kufundisha, ilimbidi afundishwe. Bila lugha, angemhubiria nani? Kule Unguja, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alichapisha kitabu cha sarufi mwaka wa 1870 akiegemea Kiunguja. Huku Mombasa, William Ernest Taylor alizama katika Kimvita, na mwaka wa 1891 akachapisha mkusanyiko wa methali za Waswahili. Alikuwa na sikio kali, bwana! Alitenganisha hata "t" ya meno na "t" ya ufizi, tofauti ambayo tahajia yetu ya leo haiionyeshi.

Sasa nauliza: sikio hilo lilinolewa na nani? Na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanazuoni Mwislamu wa papo hapo Mombasa. Ndiye aliyekusanya tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, akaziandika kwa hati za Kiarabu na kumfafanulia Taylor. Naam, kasisi aliyekuja kuwahubiria Waislamu aliketi chini ya Mwislamu akajifunza. Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa mwaka wa 1940, mhariri alikuwa William Hichens.

Kimvita nacho kilipata pigo. Mwaka wa 1928, tena katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo, mtoto wa Mvita akiandika "mato" badala ya "macho", au "ndia" badala ya "njia", hupigwa kalamu nyekundu. Mimi mwenyewe nimeishika kalamu hiyo miaka mingi.

Na kosa langu halikuishia hapo. Darasani nilizoea kusema "mkusanyiko wa Taylor", basi. Simnyimi kasisi haki yake, alifanya kazi kubwa. Ila mgema akisifiwa, aliyemwonyesha mnazi naye atajwe. Mwanafunzi wangu, jibu ni hili: yaliokolewa na Mwalimu Sikujua, Taylor akayahifadhi.