Maganda ya jikoni ni udongo wa kesho

Anayeishi Goma anajua shida ya udongo. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilifunika sehemu kubwa ya mji, na katika kartie nyingi hadi leo jembe linagonga jiwe. Kwa hiyo mafundisho ya mbolea yanayoanza na kuchimba shimo hayatufai sana. Lakini kila siku majiko yetu yanatoa kitu ambacho kingekuwa udongo, nasi tunakitupa barabarani: maganda ya viazi na ndizi, vijiti vya sombe, maganda ya maharagi. Pale kinaoza, kinaita inzi, na mvua inakishusha kwenye mifereji.

Wapendwa, pasipo shimo, tutumie mfuko. Mfuko wa zamani wa makala unafaa, kwa kuwa unapitisha hewa. Uwekwe juu ya mawe, kivulini. Chini tuweke majani makavu au karatoni iliyochanwa, kisha takataka za jikoni zilizokatwa vipande vidogo. Kila tunapomwaga maganda, tuyafunike kwa vitu vikavu vilivyo vingi kuyapita, mara mbili hivi. Hapo ndipo wengi wanashindwa: wanajaza maganda mabichi matupu, harufu inatoka, majirani wanalalamika, na kazi inaachwa. Harufu mbaya inamaanisha maji yamezidi na hewa imekosekana. Ongeza vikavu, geuza.

Kila juma tumimine yote katika mfuko mwingine. Ukikuta joto ndani, usiogope: ni vijidudu vinavyofanya kazi. Ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili tu. Wakati wa mvua, funika kwa bati. Baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi kidogo, inakuwa nyeusi, inanukia kama udongo wa msituni. Nyama, mafuta, plastiki na kinyesi cha watu visiingie kamwe.

Wenye nafasi ndogo zaidi wafuge nyungunyungu wale wadogo wekundu wanaopatikana chini ya samadi iliyopoa. Beseni lililotobolewa chini linatosha. Wanapenda giza na unyevu, wanakula kidogo kidogo. Chumvi, pilipili na maganda ya ndimu vinawadhuru.

Mtunza shamba wa Luka 13 aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi, na mpango wake ulikuwa kuchimba na kutia mbolea. Katika mahubiri yetu tunapita haraka sana hapo kwenye mbolea.

Kwa kupanda lengalenga katika mfuko, changanya fungu moja la mbolea na mafungu mawili ya udongo. Kisha tandaza majani makavu juu, yasiguse mashina, ili jua la kiangazi lisikaushe haraka. Hilo linapunguza safari za kuteka maji, na katika kartie ambako maji yananunuliwa kwa bidoni, wamama wataona faida hiyo hata kabla ya kuvuna.