Umeme Ukizimika Garajini

Kwa miaka mingi watu wa Butembo waliotaka taa walinunua jenereta. Mwaka wa 2013 kituo cha Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori katika Beni, kilianza kutoa kilowati 400 kwa nguvu ya maji. Leo wengine wana umeme wa maji, wengine wa jua, na jenereta zingaliko. Lakini umeme ukishafika nyumbani, mwenye nyumba huvuta waya mwingine mpaka garajini, mahali anapotengeneza pikipiki, anapochaji betri na kuunganisha vyuma. Mara nyingi waya huo umepita juu ya mabati, umeungwa mara tatu, tena haukupimwa na mtu.

Basi jioni moja garaji iko gizani, na nyumba ina taa. Utafanya nini? Wengi hupanda juu ya kiti na kuanza kushikashika nyaya. Usifanye hivyo. Munganga hatoi dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Umeme nao una dalili zake, na mtu mwenye subira huzisoma.

KWANZA, ZIMA. Enda kwenye sanduku la umeme la nyumba, uzime kabisa. Jenereta nayo izimwe. Weka mtu mzima hapo asimame, asije mtoto akawasha wakati mkono wako uko kwenye waya. Vaa viatu vikavu. Mvua ikinyesha, acha kazi mpaka kesho.

PILI, SOMA DALILI. Katika sanduku kuna dizonkteri, kile kifaa kinachojikata chenyewe kunapokuwa na hatari. Usikikasirikie. Ni mlinzi wa nyumba yako.

1. Inajikata baada ya dakika kadhaa. Huu ni mzigo mzito. Dizonkteri ya ampere 16 kwenye umeme wa volti 220 inabeba wati 3,500 hivi. Jiko la wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na mashine ya wati 1,500 vikiwaka pamoja vinapita kipimo. Dawa yake ni kupunguza mzigo. Ukiweka dizonkteri kubwa zaidi juu ya waya uleule mwembamba, waya utapata moto ndani ya ukuta, na mlinzi hatasema neno. Anayefunga msumari au waya mnene mahali pa fuzi amefanya ubaya huohuo.

2. Inajikata mara moja tu unapowasha. Nyaya mbili zimegusana. Chomoa vyombo vyote vya garajini, kisha washa. Ikitulia, zima, rudisha chombo kimoja, washa tena; fanya hivyo kwa kila kimoja. Kile kinachoikata ndicho kigonjwa. Ikijikata hata bila chombo, ugonjwa umo katika waya wenyewe: panya ameutafuna, msumari umeuchoma, au maji yameingia mahali ulipoungwa.

3. Inajikata siku za mvua, au ukigusa mlango wa chuma vidole vinawashwa. Hii ndiyo dalili ya kuogopa sana. Upepo umeusugua waya juu ya ukingo wa bati mpaka ngozi yake imekwisha, na sasa paa na mlango vimeshika umeme. Mtoto asiye na viatu, akisimama kwenye matope na kushika mlango, anaweza kufa. Zima umeme wote, ita fundi siku ileile. Mwambie aweke waya wa kijani na manjano unaoshuka mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, na dizonkteri inayojikata umeme ukivuja miliampere 30. Ina kitufe cha kuijaribu; kibonyeze kila mwezi.

4. Taa inatetemeka, prizi ina moto na harufu ya kuungua. Kiungo kimelegea. Zima, usitumie prizi hiyo mpaka ibadilishwe.

5. Ampuli haiwaki, lakini bisibisi ya kupimia ya fundi inaonyesha umeme. Kumbe waya wa kurudi umekatika! Giza limekudanganya, umeme ungalipo. Ndiyo sababu tunazima sandukuni, wala hatuamini taa iliyozimika.

Kuchomoa vyombo na kutazama waya kwa macho ni kazi yako. Kufungua sanduku na kuunga nyaya ni kazi ya fundi aliyejifunza. Malipo yake si makubwa kuliko maziko.

Na ukiwasha jenereta kwa sababu umeme umekatika, usiiwashe ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Watu hulala usingizi wasiamke.

MTU AKISHIKWA NA UMEME, usimguse. Zima sandukuni. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Waya mkubwa wa barabarani ukianguka, kaa mbali kabisa, uwaite wenye umeme. Akiwa hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30, anayejua ampulizie pumzi mbili. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa. Akiamka na kusema ni mzima, mpeleke hospitali hata hivyo, kwa maana umeme huunguza ndani na kuusumbua moyo.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Sanduku la umeme liko wapi, na ni nani nyumbani anayejua kulizima?
2. Waya wa garaji unagusa bati mahali gani?
3. Mlango wa garaji hushikwa kwanza na nani asubuhi?