DPP akikataa kushtaki, mwathiriwa bado ana pa kukimbilia

UAMUZI wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) kutomshtaki mshukiwa, au kuondoa kesi kortini, humwachia mwathiriwa wa uhalifu jeraha la pili. Wengi huamini kwamba safari ya kutafuta haki huishia hapo. Sheria za Kenya, hata hivyo, hazisemi hivyo.

Zamani imani hiyo ilikuwa na msingi. Chini ya katiba ya awali, Mwanasheria Mkuu aliweza kusitisha kesi ya jinai bila kutoa sababu. Mnamo Mei 2005 ndivyo ilivyozimwa kesi ya mauaji iliyomkabili mrithi wa ukoo wa Delamere, aliyempiga risasi afisa wa wanyamapori katika shamba lake, Bonde la Ufa, akidai alidhani amevamiwa na majambazi. Wamaasai waliandamana, lakini kesi hiyo haikurejeshwa.

Katiba ya 2010 ilipunguza mamlaka hayo. Kifungu cha 157 kinampa DPP uhuru wa kufanya kazi bila kuelekezwa na yeyote. Hata hivyo, kinamtaka azingatie maslahi ya umma na utekelezaji wa haki, na kinamzuia kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Kwa hivyo, DPP anapoomba kuondoa mashtaka, hakimu au jaji si mhuri tu, anaweza kukataa. Hapo ndipo mwathiriwa anapofaa kusikika, kwani Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inamruhusu kuwasilisha maoni yake mwenyewe au kupitia wakili. Mnamo 2020 Mahakama ya Juu iliihifadhi haki hiyo, ingawa ilisisitiza kwamba wakili huyo hawi kiongozi wa pili wa mashtaka.

Je, kesi isipofunguliwa kabisa? Hatua ya kwanza ni kumwandikia DPP na kudai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa afisi ya umma.

Sababu hizo zisiporidhisha, mwathiriwa anaweza kwenda Mahakama Kuu. Jaji hatauliza kama yeye angeamua tofauti na DPP. Atachunguza iwapo uamuzi ulikiuka sheria, ulikosa msingi, au ulichochewa na nia mbaya.

Njia nyingine ni kesi ya kibinafsi. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 88, inamruhusu hakimu kumpa raia idhini ya kuendesha mashtaka mwenyewe. Raia huyo hupaswa kumwarifu DPP kwa maandishi katika muda wa siku 30 tangu aanzishe kesi, na DPP hawezi kuitwaa bila ridhaa yake.

Idhini hiyo haitolewi kama njugu. Mahakama hutaka ithibitishwe kwamba kisa kiliripotiwa, kwamba polisi na DPP walipewa muda wa kutosha kuchukua hatua, kwamba walikataa au walisitasita bila sababu ya maana, na kwamba mlalamishi ameumia yeye binafsi. Masharti hayo humlinda mtu asiye na hatia dhidi ya jirani mwenye kinyongo. Lakini pia humlemea maskini, ambaye lazima agharimie wakili na kukusanya ushahidi bila nguvu za polisi.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kutetea haki huanza siku ya kwanza kituoni. Mwathiriwa ahifadhi nambari ya OB, nakala ya fomu ya P3 na kila barua aliyoandika au kupokea, pamoja na tarehe zake. Bila karatasi hizo, itakuwa vigumu kumshawishi hakimu kwamba dola iliombwa ishtaki, ikakataa.