Waifai Inapogoma Kwenye Linux: Utangulizi

Barabara kutoka Nairobi inapomaliza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, inafika Mai Mahiu, ambapo malori yanaachana, mengine yakielekea Narok, mengine Naivasha. Hapo jirani, chini ya mlima Longonot, Kenya ilifungua mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilichoiunganisha na nchi za mbali. Kitabu hiki kinashughulika na mawimbi ya safari fupi zaidi: kutoka ruta iliyo dukani hadi laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Nairobi, ikawekewa Linux kwa sababu Windows mpya imeilemea. Linux imekubali, skrini inang'aa, spika zinalia. Waifai haipo.

Karibu, msomaji. Fani ya kurekebisha waifai kwenye Linux hufundishwa mara nyingi kama rundo la amri za kunakili, na ndiyo maana wengi huichoka mapema. Mimi naiona kuwa kazi ya kutafuta mahali mnyororo ulipokatika. Chipu ya redio inahitaji famuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani yake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inahitaji draiva ya kuzungumza na chipu hiyo. Na juu yake kuna programu kama NetworkManager, inayoshika nywila na kuchagua mtandao. Amri ya lspci, au lsusb kwa kadi za USB, hukuonyesha kama chipu inaonekana. Ile ya rfkill husema kama redio imefungwa, na kama imefungwa kwa swichi au kwa programu. Kisha dmesg hutoa malalamiko ya kerneli yenyewe. Ukikuta humo mstari unaosema faili fulani ya famuwea haikupatikana, acha kubahatisha: umeshaambiwa ugonjwa.

Famuwea ndiyo sehemu yenye historia nzito. Kerneli ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 yeyote anaweza kuisoma. Kilichomo ndani ya chipu hubaki mali ya kiwanda. Kwa miaka mingi Broadcom haikutoa draiva huria wala maelezo ya chipu zake. Wapenzi wa programu huria wakajigawa: baadhi walichunguza jinsi draiva za kampuni zilivyofanya kazi na kuandika maelezo, wengine wakatunga draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo tu. Kazi yao iliingia katika kerneli mwaka 2006. Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria mwaka 2010, tena kwa baadhi ya chipu tu. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, nayo ilikataa muda mrefu kuweka famuwea zisizo huria kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia, hadi wanachama walipopiga kura mwaka 2022. Debian 12, ya mwaka uliofuata, ikaja nazo. Naheshimu msimamo wa zamani, lakini nadhani kura ile ilikuwa sahihi. Uhuru usiokuwezesha hata kupakua kitabu una kasoro.

Maana hapo ndipo palipo na kichekesho: ili upate intaneti, unahitaji faili iliyo kwenye intaneti. Mai Mahiu jawabu liko mfukoni. Unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB, ruhusu kushiriki data, na kwa kawaida kerneli itaitambua bila draiva ya ziada. Bando dogo linatosha.

Wakati mwingine Linux haina kosa lolote. Ukuta wa mabati hurudisha mawimbi, kwa hiyo weka simu kando ya laptopu kwanza uone kama nayo inahangaika.

Tutaanza na laptopu inayounganika vizuri. Endesha amri za lspci, rfkill na dmesg juu yake na uandike daftarini jina la chipu, la draiva, na toleo la kerneli. Ikigoma baada ya kusasishwa utakuwa na cha kulinganisha, na kwa kawaida kerneli ya awali bado itakuwepo kwenye menyu ya kuwashia.