Tovuti Haijalipiku Baraza

Kaunti ya Kakamega haiwezi kupitisha bajeti kihalali bila kuwasikiliza wananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja njia za kuwafikia watu: televisheni, tovuti, redio za kijamii, mikutano ya hadhara na hata njia za jadi.

Siku hizi tovuti na WhatsApp ndizo hukimbiliwa kwanza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti hii yenye wadi 60, na wengi wao wanaishi vijijini. Makadirio ya bajeti ya kurasa mamia yakiwekwa mtandaoni, mwanakandarasi mjini huyapata mapema. Mkulima wa Shinyalu au Khwisero huambiwa na mzee wa kijiji, au husikia habari matangani.

Barazani nako kuna utaratibu wake. Wazee hutangulia kusema, vijana husubiri. Mama aliyeolewa hapo kijijini, anayejua vizuri kuliko wote kwamba chemchemi imechafuka, ataona vigumu kumpinga hadharani baba mkwe wake anayetaka pesa ziende kwenye barabara. Ujumbe wa simu ungempa nafasi ya kusema bila kuvunja heshima. Lakini ujumbe usio na jina hudharauliwa, kwa kuwa neno hupewa uzito wenyeji wakijua msemaji ni wa boma gani na ukoo gani.

Kwa hiyo teknolojia haiji mahali patupu. Hukuta mamlaka na heshima zilizokwisha kupangwa, na isipopangwa vyema huwaongezea sauti wale wale waliokuwa nayo.

Dawa ni kuunganisha teknolojia na baraza. Tangazo litoke katika redio kwa Kiluhya na kupitia kwa wazee wa vijiji. Kila wadi ipate muhtasari wa ukurasa mmoja. Maoni ya simu yasomwe barazani, bila majina, kabla wazee hawajafunga mjadala. Kisha majibu yabandikwe katika ofisi ya msimamizi wa wadi: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka. Mwananchi wa Kakamega, usingoje tarehe hiyo ipite ndipo uulize.